Skrini Tatu Mezani, Shela: Kadi Gani ya Grafiki Inunuliwe?

Ofisi za hapa Shela, Lamu, zimebadilika. Anayesimamia nyumba nne au tano za wageni leo anatazama kalenda ya nafasi, barua pepe za mawakala wa Nairobi na Ulaya, ujumbe wa nahodha aliyekwenda kupokea wageni uwanja wa ndege wa Manda, na picha za kamera za mlangoni, vyote kwa pamoja. Mchora ramani anayekarabati nyumba ya mawe anataka mchoro upande mmoja na hesabu ya vifaa upande wa pili. Mpiga picha wa harusi naye anataka picha kubwa mbele yake na orodha ya picha pembeni. Wote hawa wamefika mahali pamoja: skrini moja haiwatoshi. Na swali linalofuata huwa hilo hilo: ninunue kadi gani ya grafiki?

Jibu langu ni kwamba, kwa kazi za namna hii na katika kijiji cha pwani kama chetu, nguvu ya kadi ndilo jambo la mwisho kuangaliwa. Kwanza angalia matundu ya skrini, kisha wati, kisha joto. Anayeanza na nguvu huishia kulipia kitu asichokitumia, kisha akalipa tena kwa umeme, kwa betri na kwa feni zinazokufa mapema kwa chumvi ya bahari.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji wengi huitumia kumtisha mnunuzi. Skrini ya kawaida ya ofisini ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2 hivi. Skrini tatu za aina hiyo ni pikseli milioni 6.2. Skrini moja ya 4K ina pikseli milioni 8.3, sawasawa na skrini nne za kawaida. Kila pikseli huchukua baiti 4 za memori, kwa hiyo picha nzima ya skrini moja ya kawaida ni megabaiti 8 na ushei, na za skrini tatu ni megabaiti 25. Hata kama Windows itatunza nakala kadhaa za kila dirisha, kadi yenye gigabaiti 2 inabaki na nafasi tele kwa barua pepe, kalenda na hesabu. Mtu akikwambia skrini tatu za ofisi zinahitaji kadi ya gigabaiti 8, hilo si kweli. Memori kubwa huhitajika na programu yenyewe: kuhariri video, kuchora majengo ya pande tatu, au kucheza michezo. Wingi wa skrini hauiiti.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, zima kompyuta yako, igeuze, uangalie mgongo wake.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua Kenya ni mitumba ya ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mashine hizi zina grafiki ndani ya prosesa yenyewe, na prosesa za Intel tangu kizazi cha tatu cha mwaka 2012 zinaweza kuendesha skrini tatu kwa wakati mmoja bila kadi yoyote ya ziada, mradi matundu yawepo. OptiPlex 7010 na 9020 zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA. OptiPlex 7050 ina mawili ya DisplayPort na moja la HDMI. Mwenye mashine hizo tayari ana skrini tatu. Kilichobaki ni kebo. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 zenye grafiki ya UHD 770 hufika hadi skrini nne. Nalitilia mkazo hili kwa sababu nimeona watu wakiagiza kadi kutoka Nairobi ilhali tundu la tatu lilikuwa limefunikwa na vumbi nyuma ya kasha.

Usisahau kwamba grafiki ya ndani haina memori yake. Inakopa RAM ya kompyuta. Mashine yenye kipande kimoja cha gigabaiti 4 itakokota ukiipa skrini tatu, na mwenyewe utadhani kadi ndiyo inayokosekana. Weka vipande viwili vya gigabaiti 8, kila kimoja kwenye nafasi yake ili vifanye kazi pamoja, na kama bado unatumia hadidiski ya zamani badilisha uweke SSD. Kwa ofisi ya wageni, fedha hizo zina faida kubwa kuliko kadi.

Angalia pia umri wa prosesa. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8. Kununua kadi nzuri na kuitia kwenye mashine ya kizazi cha 3 ni kuweka tanga jipya kwenye mashua iliyooza mbao. Kama una fedha za kadi na mashine ni ya zamani hivyo, ongeza kidogo ununue mashine ya kizazi cha 8, mfano OptiPlex 7060, yenye DisplayPort mbili na nafasi ya tundu la tatu la kuongezwa. Huenda usihitaji kadi kabisa.

Wapo wasio na bahati hiyo. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina grafiki ndani. Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 nazo hazina, isipokuwa zile zenye G mwishoni. Na wapo wanaohitaji skrini nne au zaidi. Hao ndio wa kadi.

Kabla ya kufika kwenye kadi zenyewe, tusimame kwenye adapta, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kifaa kidogo kinachogawa HDMI moja kuwa mbili, kinachouzwa kila duka la simu, hakikupi skrini mbili. Kinakupa picha ile ile mara mbili. Kinafaa kwa televisheni mbili za baa zinazoonyesha mpira mmoja; kwa mtu anayetaka kalenda huku na barua kule hakifai kitu. Adapta nazo zina mwelekeo. Ya kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini ni rahisi na hufanya kazi ikiwa tundu lina alama ya DP yenye misalaba miwili midogo pembeni. Ya kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini ni kitu kingine kabisa: inahitaji chipu ya kugeuza mawimbi na mara nyingi umeme wake wa pembeni. Watu hununua ya kwanza wakaipachika kinyume, kisha wakailaumu kadi. Ya kwenda VGA pia lazima iwe na chipu ndani, lakini hizo ni za bei nafuu na skrini za zamani zinazifurahia.

DisplayPort ina siri moja nzuri ambayo wengi hawaitumii. Tangu toleo la 1.2, lililotoka mwaka 2010, tundu moja linaweza kubeba skrini kadhaa zenye picha tofauti. Ukiwa na skrini zenye DisplayPort ya kuingilia na ya kutokea, unaunganisha kompyuta na skrini ya kwanza, ya kwanza na ya pili, na kuendelea. Tundu moja la toleo hilo linatosha kwa skrini nne za 1920 kwa 1080. Kama skrini zako hazina tundu la kutokea, kuna kisanduku cha kugawa kinachoitwa habu ya MST. Hicho hugawa kweli. Hesabu ya skrini zote bado haiwezi kuzidi kile ambacho grafiki yenyewe inamudu. Windows na Linux hukubali mpango huu. Kompyuta za Apple haziukubali. Zitarudia picha moja tu.

Adapta za USB zinazotumia DisplayLink zinafaa kwa skrini ya ziada ya maandishi. Kwa video hapana, kwa sababu kazi inabebwa na prosesa.

Haya, kadi. Kwa ofisi ya Shela pendekezo langu la kwanza ni kadi ndogo za kazi za NVIDIA, zile zilizotengenezwa kwa benki na ofisi za wachoraji. T400 hula wati 30 na ina matundu matatu ya Mini DisplayPort. T600 hula wati 40, ina manne na gigabaiti 4 za memori. T1000 hula wati 50, nayo ina manne. Zote ni fupi kiasi cha kuingia katika makasha membamba, na zote zinapata umeme wake kwenye sloti ya mazabodi bila waya wa ziada, maana sloti ya PCI Express inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Za nyuma yake, Quadro P620 ya wati 40 na P1000 ya wati 47, hupatikana kwa bei ya chini kwenye mitumba, nazo zina matundu manne. Kumbuka tu kwamba ni za kizazi cha Pascal, ambacho NVIDIA imeanza kukiaga upande wa draiva mpya. Kwa AMD, Radeon Pro WX 4100 ina sifa karibu na hizo: wati 50, matundu manne ya Mini DisplayPort.

Kadi mbili zinazouzwa sana ningezikwepa kwa kazi hii. GT 1030 ni tulivu na hula wati 30, lakini mwisho wake ni skrini mbili. RX 6400 ni mpya zaidi na ina nguvu nzuri kwa wati 53, nayo ina matundu mawili tu, na haina sehemu ya kurekodi video, hivyo mhariri wa video atajuta. GT 710 niiweke kando kabisa: ni ya kizazi cha Kepler, ambacho NVIDIA ilikitoa kwenye draiva zake za kawaida mwaka 2021.

Mpiga picha na mhariri wa video wana mahitaji makubwa kidogo. Kwao RTX A2000 ni kadi bora ya udogo wake, wati 70 na matundu manne, ingawa bei yake si ya kila mtu. GTX 1650 ya wati 75 inatosha kazi nyingi za picha, lakini angalia matundu, kwa kuwa nyingi huja na matatu. Intel Arc A380 hutoa skrini nne na ni hodari wa video, ila inataka mazabodi ya kisasa yenye kipengele cha Resizable BAR. Ukiitia kwenye OptiPlex ya mwaka 2015 itakuvunja moyo. Vijana wanaotaka kucheza michezo kwenye skrini tatu kwa pamoja wajue wanaizidishia kadi kazi mara tatu, na hapo tunaingia kwenye kadi za zaidi ya wati 100 na pawa saplai yake. Hiyo ni safari nyingine.

Pima kasha kabla ya kulipa. Mashine nyembamba za OptiPlex na EliteDesk hukubali kadi fupi tu, na kadi fupi lazima ije na bati lake fupi la kufungia. Kadi za mitumba mara nyingi hufika na bati refu, lile fupi limepotea, na kadi haifungiki. Pawa saplai ya OptiPlex 7050 nyembamba ni ya wati 180, ya 9020 nyembamba ni ya 255, na watengenezaji wa mashine ndogo mara nyingine huiwekea sloti kikomo kilicho chini ya wati 75. Ndiyo maana nazitaja wati 30, 40 na 50 kwa msisitizo: ziko ndani ya mipaka. Ukishaipachika kadi, mashine nyingi huzima matundu ya mazabodi. Ukitaka yote yafanye kazi pamoja, ingia kwenye BIOS utafute mpangilio wa kuwasha grafiki zote mbili. Baadhi ya mashine zinao, nyingine hazina.

Sasa stima. Umeme wetu ni volti 240, na mwenye kuishi hapa hahitaji kuambiwa kwamba hupotea na kurudi kwa kishindo. Skrini ya inchi 24 hula karibu wati 20. Kompyuta ya ofisi yenye kadi ndogo na skrini tatu, ikiwa kazini, iko kwenye wati 150 hivi. UPS ya kawaida ya 650VA ina betri ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani nishati ya saa-wati 84 kwenye karatasi, na kiasi unachokipata hasa ni pungufu ya hapo. Hiyo ni kama robo saa, au chini yake betri ikizeeka. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Weka kadi ya michezo inayokula wati 200 na robo saa hiyo inakuwa dakika chache. Ushauri wangu ni kuunganisha kompyuta, ruta na skrini moja kwenye UPS. Skrini mbili nyingine ziende kwenye soketi ya kawaida yenye kinga. Stima ikikatika unabaki na ile moja, na betri inadumu zaidi.

Anayetumia sola ahesabu kwa makini zaidi. Kuna jambo ambalo halitajwi kwenye maboksi: kadi nyingi, zikiwa na skrini kadhaa zenye kasi tofauti za kuburudisha picha, kwa mfano moja ya hezi 144 na mbili za hezi 60, hushindwa kutulia hata kama hufanyi lolote. Memori yake inabaki kwenye mwendo wa juu. Kadi ikipoteza wati 25 za bure kwa saa 12 kila siku, hizo ni yuniti 9 kwa mwezi. Weka skrini zote kwenye hezi 60 na upotevu huo mara nyingi hupungua au kuisha. Na inveta iwe ya mawimbi safi, si ya bei rahisi inayotoa mawimbi ya ngazi, kwani baadhi ya pawa saplai za kisasa hukataa kufanya kazi nayo.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko yote. Nyumba zetu za mawe na chokaa zimejengwa ili upepo upite, na upepo unaopita unatoka baharini. Wakati wa kusi unakuja na mchanga mwembamba wa matuta ya ufukweni juu yake. Kuta za zamani nazo hudondosha unga wa chokaa. Vyote hivyo vinavutwa na feni hadi kwenye mapezi ya kadi, vinashika unyevu, na baada ya muda mguso wa shaba kwenye sloti unageuka kijani. Kadi yenye feni tatu ni milango mitatu ya uchafu. Kadi ndogo yenye feni moja inayozunguka polepole, au isiyo na feni kabisa ikiwa kasha lina hewa ya kutosha, huishi zaidi hapa.

Usiiweke kompyuta sakafuni wala dirishani upande wa bahari. Usiifungie kabatini. Iinue juu ya meza, mgongo wake ukiwa mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Kila baada ya miezi michache zima, chomoa, toa vumbi kwa bloa huku umeishika feni isizunguke, na futa mguso wa dhahabu wa kadi kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili. Nyumba za wageni zinazofunga wakati wa masika zina hatari ya peke yake: mashine inayokaa imezimwa kwa wiki kadhaa katika unyevu huoza haraka kuliko inayofanya kazi. Mwachie mlinzi maagizo ya kuiwasha kwa saa moja kila wiki, au ifunge kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na pakiti za kukausha unyevu.

Kununua kunabaki. Kadi hizi kwa kawaida huagizwa Mombasa au Nairobi, zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti hadi mji wa Lamu, kisha boti nyingine au punda hadi Shela. Kurudisha kadi mbovu kwa njia hiyo hiyo ni gharama na ni siku nyingi. Kwa hiyo uchunguzi ufanyike kabla haijaondoka dukani. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na skrini zote unazotaka, arekodi video, na kwenye video hiyo afungue programu ya GPU-Z. Programu hiyo huonyesha chipu halisi, na kadi nyingi za udanganyifu, zile za zamani zilizobadilishwa jina ziitwe GTX 1050, huziwekea alama kwamba ni bandia.

Jihadhari na kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi zilizochoka zikamwagika sokoni. Baadhi, kama P106-100, hazikuwahi kuwa na tundu hata moja la skrini. Zinaonekana kama kadi ya GTX 1060, bei yake ni tamu, na kwa kazi yetu hazina maana yoyote.

Agiza kebo na adapta za Mini DisplayPort pamoja na kadi, kwa sababu za mitumba huuzwa bila hizo, na usitegemee kuzikuta karibu. Agiza moja ya ziada. Omba risiti yenye namba ya kadi na muda wa dhamana ulioandikwa, hata kama ni mwezi mmoja.

Kwa ofisi ya kawaida ya Shela yenye skrini tatu, basi, mashine ya kizazi cha 8 yenye matundu matatu na RAM ya gigabaiti 16 inatosha bila kadi. Kwa skrini nne, chukua T600. Na kabla ya kutuma fedha yoyote, mpelekee muuzaji picha mbili kwa simu, mgongo wa kompyuta yako na mgongo wa kila skrini, umuulize aseme kwa maandishi ni kebo gani itaingia wapi. Akishindwa kujibu hilo, tafuta muuzaji mwingine.